Ulizeni Zimamoto: Fataki Ikikataa, Usiirudie

Barua za mwezi huu zilikuja kama mvua ya Kisumu: mchana kutwa mbingu kavu, halafu jioni zikamwagika zote kwa mpigo. Ikifika Novemba hakuna tena anayeniuliza habari za mtungi wa gesi au soketi inayonuka. Ni fataki tu, kuanzia Diwali mpaka usiku wa kuamkia Januari mosi. Kwa wasionijua, nilikuwa zimamoto kwa miaka 28, minane ya kwanza Kisumu na iliyobaki hapa Nakuru. Siku hizi nafuga kuku na kujibu barua. Zenu nimezifupisha kidogo. Aliyeandika kurasa nne kuhusu jirani yake atanisamehe.

Hujambo mzee. Nimenunua Nairobi sanduku la fataki la risasi 36, muuzaji aliliita keki. Nataka kulirusha nyumbani saa sita usiku Mwaka Mpya ukiingia. Ploti yangu ni hamsini kwa mia, nyumba iko katikati, nyuma kuna banda la kuku, gari hukaa mbele. Tutakuwa watu kama ishirini. Niliweke wapi?
*Mwenye Keki, Naka, Nakuru*

Ndugu yangu, huna pa kuliweka. Naanza na hilo kwa sababu najua umeshalipa, na mtu aliyelipa husoma jibu akitafuta mahali palipoandikwa "lakini".

Hebu tupime. Futi hamsini kwa mia ni karibu mita 15 kwa 30. Toa nyumba, toa banda, toa gari. Mbele umebakiwa na mita nane au tisa hadi kwenye geti, na hapo ndipo unapotaka kupanga sanduku pamoja na watu ishirini. Sasa geuza sanduku usome ubavuni. Zilizotengenezwa kwa kanuni za Ulaya huwa na alama: F1 ni zile ndogo ambazo mtu anaweza kusimama mita moja, F2 ni angalau mita 8, F3 angalau mita 15, na wapo watengenezaji wanaoandika 25. F4 si yako wala si yangu, hiyo ni ya mafundi waliosomea. Keki kubwa kama yako mara nyingi ni F2 au F3. Hata ikiwa F2, hizo mita nane ni za mtu aliyesimama akitazama. Banda lenye maranda makavu halikuhesabiwa, wala turubai la gari, wala nyaya za umeme zinazopita juu ya ukuta.

Kama halina alama yoyote, au maandishi yote ni ya Kichina na huna wa kukusomea, lirudishe dukani. Fataki nyingi za dunia hii hutengenezwa Liuyang, jimbo la Hunan, Uchina, ambako kazi hiyo imerithiwa kwa karne nyingi. Mtengenezaji mzuri anayeuza nje huandika umbali na namna ya kuwasha kwa lugha ambayo mnunuzi ataielewa. Asiyeandika ana sababu yake.

Watu huogopa risasi inayopanda juu. Mimi kwa keki naogopa kuanguka. Kila risasi inapotoka hulisukuma sanduku chini na kulitikisa. Likiwa juu ya kitu kinachoyumba, risasi ya kumi inalilaza, na zile 26 zilizobaki zinatoka zimelala, moja baada ya nyingine, wala hakuna wa kwenda kuzizuia. Niliwahi kuitwa nyumba moja hapa mjini ambako sanduku liliwekwa juu ya stuli ya plastiki ili watoto waone vizuri. Risasi tatu ziliingia sebuleni kupitia mlango uliokuwa wazi. Pazia likashika, likafuata kochi, ikafuata dari. Tulipofika, baba mwenye nyumba alikuwa na ile stuli mkononi, anatuonyesha jinsi ilivyokuwa imara.

Basi tafuta kiwanja. Desemba shule zimefungwa. Zungumza na mwalimu mkuu, mwandikie barua. Sanduku likae chini, kwenye ardhi tambarare, ulibane kwa matofali pande zote nne au ulizike nusu ndani ya karai la mchanga, mdomo ukiwa wazi. Watazamaji wakae upande ambako upepo unatoka. Mwashaji awe mmoja, na awe hajaonja kitu tangu mchana. Huyu mchagueni mapema kama mnavyochagua wa kuendesha gari kurudi nyumbani. Awashe kwa kijiti cha udi kinachofuka, mkono ameunyoosha, mwili upande, uso mbali na mdomo wa sanduku, halafu aondoke bila kugeuka kutazama kama imeshika. Kiberiti cha gesi kinakulazimisha usogee mno. Ndoo mbili za maji ziwepo, na ikiwezekana mpira wa maji uliofunguliwa tayari. Nimeona nyumba zenye mpira mzuri kabisa, ila umefungwa kwa waya stoo na ufunguo uko na mama aliyekwenda kesha kanisani.

Halafu kuna kibali. Kwa sheria yetu fataki ni kilipuzi. Zinatawaliwa na Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115, na usishangae kwamba wanaoshughulikia vibali hivyo ni watu wa madini. Kuna pia kanuni za kelele za mwaka 2009, chini ya NEMA, mamlaka ya mazingira, ambazo zimezitaja fataki waziwazi. Najua wengi mnaruka yote haya. Anzia basi kituo cha polisi kilicho karibu nawe, uwaeleze siku, saa na mahali. Watakuambia kinachotakiwa, na mtu akiwapigia simu usiku wa manane kwamba amesikia risasi, hawatakuja mbio na bunduki. Mwambie na mzee wa Nyumba Kumi. Nakuru hii ina watu waliosikia milio ya kweli Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, wakiwa wamelala chini ya vitanda. Jirani kama huyo ukimgongea jioni ukamwambia, "Mama, saa sita kutakuwa na mlio, ni sisi," atalala.

Mzee, sisi vijana wa steji tulichanga mwaka jana tukarusha fataki za mirija. Tatu zilikataa. Tukazirudia, moja ikawaka, mbili zikakataa kabisa tukaziacha hapo. Asubuhi watoto walizipata lakini hakuna aliyeumia. Nauliza, kuna njia nzuri ya kuwasha iliyokataa?
*Wa Boda, Kondele, Kisumu*

Hakuna. Na nitakupa sababu kwa mkono wangu wa kushoto.

Tarehe 31 Desemba 1999 nilikuwa kwa kaka yangu, hapo hapo Kisumu, si mbali na kwenu. Dunia nzima ilikuwa inangoja mwaka 2000, wengine wakisema kompyuta zote zitagoma na taa zitazimika. Sisi tulikuwa na samaki, kuku wawili, na mirija sita ya fataki ambayo kaka aliitoa nisikokujua. Nilikuwa zimamoto wa mwaka wa saba. Kwa hiyo hakuna mtu uani pale aliyethubutu kuniambia neno, na hilo ndilo lililoniponza.

Minne ilipaa vizuri. Wa tano, utambi uliungua hadi ndani, kisha kimya. Nikatazama saa ya mkononi nikahesabu dakika mbili kamili, nikajiona mtaalamu kwa kungoja. Nikaenda. Nikainama, nikaweka kiganja cha kushoto kwenye mdomo wa mrija ili niuinamishe kidogo, nimulike ndani kwa tochi.

Wengine waliniambia baadaye kwamba ulikuwa mlio mkubwa. Mimi sikuusikia. Nilisikia joto, kisha sauti ya mke wangu ikiniita jina langu lote, lile la kitambulisho. Iliondoka na nyusi ya kushoto, ngozi ya kiganja na ncha ya kidole cha kati. Jicho lilisalimika kwa kuwa kichwa nilikuwa nimekielekeza upande wa tochi. Si akili, ni tochi.

Sasa elewa kilichotokea ndani, maana ukielewa hutahitaji kukatazwa. Baruti ya kawaida ni vitu vitatu: shura, makaa na salfa, kwa kipimo cha zamani cha 75, 15 na 10 katika kila mia. Shura ndiyo inayobeba oksijeni. Moto wa kuni unaomba hewa. Moto wa fataki umekuja na hewa yake mfukoni. Utambi uliopata unyevu dukani au chini ya kitanda chako unaweza kuungua polepole mno, moto ukatambaa humo ndani bila moshi na bila mwanga. Wewe unaona imekufa. Kumbe inatembea. Na kwa sababu hiyo hiyo kuikanyaga, kuifunikia sufuria au kuimwagia mchanga hakuizimi. Maji ndiyo, kwa kuwa yanapoza na kulowesha.

Ikikataa, kaeni mbali nusu saa nzima. Piga soga, kula. Baada ya hapo mtu mmoja aende kwa ubavuni, asipitishe kichwa wala mkono juu ya mdomo, aimwagie maji mengi, kisha aitie yote ndani ya ndoo ya maji ilale humo hadi asubuhi. Iliyolowa hivyo ifunge kwenye mfuko wa plastiki uitupe mbali na jaa linalochomwa. Huku kwetu taka nyingi huishia kwenye moto, na iliyokauka wiki moja kwenye jaa haitakuwa imesahau kazi yake.

Ulisema watoto walizipata na hakuna aliyeumia. Hiyo sentensi niliisoma mara tatu. Watoto huamka mapema Januari mosi kuliko siku yoyote ya shule, na hawaamkii chai. Wanatafuta zilizokataa. Wanazimenya, wanakusanya unga kwenye kifuniko cha soda, wanatengeneza yao. Kwa hiyo mwaka huu, kabla hamjatawanyika, hesabuni: mmewasha ngapi, zimelipuka ngapi. Tofauti iwe ndani ya ndoo. Na mmoja wenu, yule anayeamka kutafuta abiria wa alfajiri, apite pale na tochi kabla jua halijachomoza.

Shikamoo baba. Nina watoto wa miaka 5, 8 na 11. Mkubwa amejifunza kuwasha stilwuli, ile ya kusugulia sufuria, anaifunga kwa waya na kuizungusha, cheche zinaruka kama mvua. Wadogo nimewanunulia vile vijiti vya cheche kwa sababu vinasemekana ni salama. Nikataze yote, au nitaonekana mama mkali?
*Mama wa Watatu, Manyatta, Kisumu*

Marahaba mama. Ukali wa mama haujawahi kumtia mtoto wodini.

Stilwuli ikataze. Ni nyuzi nyembamba za chuma, na chuma kikiwa chembamba hivyo kinaungua kweli; akizungusha, upepo unakichochea na vipande vyekundu vinatupwa pande zote. Anayezungusha yuko katikati, mara nyingi hapati kitu. Wanaopata ni waliosimama kumtazama. Na Manyatta naijua: nyumba zimeegemeana, dari za maboksi, kitenge mlangoni badala ya pazia, na njiani kuna mtu anauza petroli kwenye chupa. Cheche moja inachagua itakapokwenda, haiombi ruhusa.

Huyo wa miaka 11 mwangalie vizuri, maana nilikuwa yeye. Baada ya stilwuli hufuata ile bunduki ya spoku ya baiskeli iliyojazwa vichwa vya njiti za kiberiti. Mkiona kiberiti kinaisha haraka nyumbani, si mpishi.

Vijiti vya cheche ndivyo vinavyonipa shida zaidi, kwa sababu dukani vinakaa karibu na peremende. Ni waya uliopakwa kemikali pamoja na unga wa chuma au alumini, na unaungua kwa zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi. Hapa Nakuru, kwa vile tuko juu, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Yaani chai inayokubabua ulimi haijafika hata sehemu ya kumi ya kile ulichompa mtoto wa miaka mitano akishike kama maua. Huyo mdogo asishike kabisa. Mpe tochi, umfungie karatasi nyekundu ya peremende mbele, ataridhika kuliko unavyofikiri. Wa miaka minane ashike kimoja tu, mkono ameunyoosha, mbali na wenzake hatua nne tano, wewe ukiwa kando yake. Viatu, si malapa, kwa kuwa waya uliozima hubaki moto muda mrefu na watoto huudondosha. Kila kilichozima kiende moja kwa moja kwenye ndoo ya maji. Na msivifunge vingi pamoja viwake kwa mara moja. Watu wazima ndio hufanya hivyo, watoto hawana hela ya kununua vingi. Vikifungwa pamoja haviungui, vinalipuka.

Neno moja juu ya nguo. Krismasi tunawavisha watoto wa kike yale magauni ya nailoni yenye marinda matatu. Nailoni haiungui kama pamba. Inayeyuka na kushika ngozi. Gauni livaliwe kanisani. Jioni, uani, avae nguo ya pamba inayombana kidogo.

Mzee, nyumbani kwetu tumesherehekea Diwali tangu enzi za babu na hatujapata ajali. Tunapanga diya, vile vitaa vya mafuta, kwenye ngazi na ukutani, fataki tunarushia uani tukielekea ziwani. Kuna kitu tunakosea?
*Dada wa Diwali, Milimani, Kisumu*

Dada, nyumba zenu za Diwali zimenifundisha mengi. Mara nyingi kuna mzee mmoja mwenye amri, na asiposema yeye hakuna kinachowashwa. Endeleeni naye.

Mawili tu. Sanduku la akiba lisikae wazi uani wakati mnarusha. Cheche moja ikiingia humo, sherehe yote inaisha kwa dakika moja. Litieni kwenye debe lenye kifuniko, ndani, mbali na diya, mtoe moja moja. Ncha za sari na dupata zikunjwe kiunoni.

La pili ni hilo la kuelekea ziwani. Upepo wa Kisumu una tabia yake: mchana hutoka ziwani kuja mjini, usiku hugeuka ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Roketi mnazorusha saa tatu usiku zinasukumwa kule kule mnakoelekeza. Vizuri kwa nyumba zenu. Lakini Diwali huangukia usiku usio na mwezi, na usiku wa giza kama huo ndio wavuvi wa omena hutoka na taa zao. Mnaona vile vitaa vingi vinaelea mbali? Ni watu, kwenye mashua za mbao, wengine na mitungi ya petroli miguuni. Mkiwa karibu na maji, roketi acheni. Za kukaa chini na kumwaga cheche zinatosha.

Mzee wangu, sisi tuko Shinyalu, Kakamega. Jiko la mama ni la nyasi, ng'ambo ya boma ni miwa ya jirani. Tukirusha roketi juu sana, si itazima kabla haijaanguka?
*Kijana wa Shinyalu*

Msirushe roketi. Kijiti chake kinarudi chini kikiwa bado na moto mara nyingi kuliko unavyodhani, na hakirudi ulipokirushia. Nyasi za paa zikishika, hakuna gari la zimamoto litakalowahi, nawaambia mimi niliyepanda hayo magari. Miwa nayo ikiungua, isipofika kiwandani upesi inapoteza sukari, kwa hiyo jirani hatakudai majani, atakudai msimu mzima. Mna ngoma huko, mna fahali wa kupigana. Kwani lazima roketi?

Mzee, mume wangu aliungua vidole akiwasha fataki. Mama mkwe alimpaka ute wa yai na dawa ya meno, nikanyamaza kwa heshima. Nilikosea?
*Mke wa Mwana, Bungoma*

Mwanangu, ulinyamaza kama mke wangu alivyonyamaza. Mwaka ule wa 1999 shemeji yangu alinipaka mayai mawili mkononi, kwa upendo mtupu, na muuguzi akatumia karibu nusu saa kuyabandua. Hiyo nusu saa naikumbuka kuliko mlipuko.

Mara nyingine mwambie mama, "Tuanze na maji kwanza, mama, hayo mengine yatafuata." Hutakuwa umembishia. Maji safi ya bomba, ya kawaida, si barafu, yatiririke juu ya mahali palipoungua dakika 20 kamili. Hakuna bomba? Mmwagie kwa kikombe, mpokezane. Huku maji yanatiririka mvueni pete na saa, kabla mkono haujavimba. Baada ya hapo funika kwa plastiki safi ya kufungia chakula au leso safi iliyopigwa pasi, bila kukaza. Malengelenge msiyapasue. Yai, siagi, dawa ya meno, unga, asali, vyote vibaki jikoni. Kiganja, uso, kiungo, sehemu za siri, au mtoto yeyote mdogo: hospitali usiku huo huo, na muulize habari ya sindano ya pepopunda.

Jicho ni jambo jingine kabisa. Fataki ikimpiga mtu jichoni asilisugue, asilioshe, asitiwe dawa yoyote ya matone, na kilichochomeka kisitolewe. Kata kitako cha kikombe cha plastiki, kifunike juu ya tundu la jicho bila kuligusa, kibandike kwa plasta, mmpeleke akiwa ameketi wima. Huko magharibi kuna hospitali ya macho ya Sabatia, Vihiga. Huku kwingine, hospitali ya rufaa ya kaunti. Msimpe aspirini wala ibuprofeni njiani, zinaongeza kuvuja damu. Ukikosa usafiri piga 999 au 112.

Mbwa wangu hutoroka kila Mwaka Mpya. Mwaka jana tulimpata siku ya tatu, Free Area. Nifanyeje?
*Baba Simba, Lanet*

Mtembeze mchana mpaka achoke. Mlishe mapema. Kabla ya saa tatu usiku mwingize chumba chenye madirisha machache, vuta mapazia, washa redio sauti ya wastani, umwachie blanketi lenye harufu yako. Akiingia chini ya kitanda mwache huko huko, usimvute. Usimfunge kwa mnyororo nje hata kama ndivyo umezoea. Mbwa aliyeogopa huruka ukuta na mnyororo ukabaki shingoni. Mwandikie nambari ya simu kwenye kola. Ng'ombe wa maziwa nao wafungie zizini mapema, na usimkamue aliyetoka kushtuka. Maziwa atayazuia hadi atulie.

Mzee unatukataza kila kitu. Wewe mwenyewe usiku wa tarehe 31 utafanya nini?
*Mjukuu wa Mtu, Section 58, Nakuru*

Mjukuu, sijawakataza kila kitu, soma tena. Mimi nitapanda juu ya paa la jirani yangu, lile la zege, na chupa ya chai na blanketi. Kutoka pale Nakuru yote iko chini yako, hadi gizani kwa ziwa upande mmoja na Menengai nyuma. Saa sita ikigonga, honi zinaanza, makanisa yanalipuka kwa vigelegele, na watu wenye hela kule Milimani wanaturushia bure. Mimi huzihesabu kwa vidole. Zinazopaa na zisizolipuka. Mke wangu huniuliza ngapi, nami humwambia, kisha tunashuka polepole kwa ngazi, yeye mbele na tochi.